Mguu Uliozikwa Wawasha Bado

Mjomba wangu ni fundi wa kushona kanzu. Kwa zaidi ya miaka 40 amekaa mbele ya cherehani ya miguu katika chumba cha mbele cha nyumba yake, Mji wa Kale, Mombasa, na wapita njia waliujua mdundo wa cherehani ile kama waijuavyo sauti ya mwadhini wa mtaa. Kisha maradhi ya kisukari yakamwandama. Kidonda kidogo katika wayo kikakataa kupona, kikaoza, na hatimaye madaktari wakasema hapana budi mguu wa kulia ukatwe chini ya goti, ama sivyo utachukua na roho. Mguu ukakatwa, ukavikwa kitambaa, ukazikwa kwa heshima ipasayo kiungo cha mwanadamu.

Jioni moja nilikwenda kumjulia hali. Nilimkuta barazani, tasbihi mkononi, uso ameukunja.

"Salaam aleikum, mjomba. Shikamoo."

"Aleikum salaam. Marahaba, mwanangu."

"Waonaje hali?"

"Alhamdulillahi. Ila kidole gumba chaniwasha, nami sijui nikikuneje."

"Kipi hicho, mjomba, nikukune mimi?"

Akanionyesha mahali patupu chini ya kiti. "Hicho hapo."

Alikuwa ameificha siri hiyo kwa miezi mitano. Mguu ambao sote tuliamini umekwisha kuzikwa, yeye alikuwa angali anao. Mchana uliwasha. Usiku vidole vyake vilijikunja kama ngumi, hata akahisi kucha zaingia nyamani, na asiweze kuvikunjua kwa kuwa havipo. Alipokuwa akitawadha, mkono wake uliteremka wenyewe kuuosha mguu, ukakuta hewa. Mara moja alithubutu kusema, na akajuta. Wengine nyumbani walinong'ona kuwa akili za mzee zimeanza kumruka, na jirani mmoja alishauri kaburi lifukuliwe, pengine mguu ulizikwa umepinda. Basi akanyamaza. Mtu mzima mwenye kuugua kwa ajili ya mguu asiokuwa nao, nani atamstahi?

Msomaji mpendwa, mjomba wangu hana wazimu, wala mguu wake haukuzikwa vibaya. Lililomfika linawafika wengi mno miongoni mwa waliokatwa viungo, na madaktari wamekuwa wakiliandika tangu karne ya 16. Nyuma yake pana swali ambalo mtu mzima wa viungo hajiulizi hata siku moja: twajuaje kwamba mwili huu ni wetu?

KIKOMBE NA MGUU

Tuanze na lugha yetu wenyewe, kwani Kiswahili kimeliona jambo hili zamani. Kikombe chako kikianguka kikavunjika, utasema, "Nimevunjikiwa na kikombe." Lakini ukianguka wewe, husemi, "Nimevunjikiwa na mguu." Utasema, "Nimevunjika mguu." Aliyevunjika ni wewe mwenyewe, na mguu umetajwa tu kuonyesha mahali palipovunjika. Kikombe ni mali yako, lakini mguu ni wewe. Tofauti hiyo, ambayo mtoto mdogo huitumia bila ya kufunzwa na mtu, ndiyo wataalamu wa siku hizi wanayoichunguza ndani ya ubongo.

Wanavyuoni wa Kiislamu nao walilitafakari. Abu Ali ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980 na kufariki Hamadan mwaka 1037, alikuwa tabibu na mwanafalsafa. Katika kitabu chake kikubwa kiitwacho al-Shifa, pale anapozungumza juu ya nafsi, alimtaka msomaji amfikirie mtu aliyeumbwa kwa mara moja, mzima na kamili, akawa ameelea hewani. Macho yake yamefunikwa, na viungo vyake vimetengana, mkono usiguse ubavu wala mguu usiguse mguu. Je, mtu huyo atajua kuwa yupo? Ibn Sina alijibu kuwa atajua, ijapokuwa hajui kama ana mkono wala mguu. Kwa hiyo, akasema, viungo kwetu ni mfano wa nguo. Kwa kuwa tumezivaa muda mrefu, tumezidhania kuwa ni sehemu yetu.

Suala la roho tuwaachie wenye elimu yake. Tunalouliza hapa ni dogo kuliko hilo: ikiwa viungo ni nguo, basi ni fundi gani aliyetushonea zikatuganda namna hii, hata moja ikivuliwa mtu angali anaihisi?

KADHI NA MASHAHIDI WAKE

Ili tuifahamu kazi ya ubongo, na tumfikirie kadhi aliyeketi mahakamani. Kadhi huyu hatoki nje kwenda kutazama mambo kwa macho yake. Amefungiwa ndani ya fuvu la kichwa, gizani, na kila alijualo ameletewa na mashahidi. Jicho humwambia: nauona mkono mezani. Ngozi humwambia: nimeguswa. Misuli na maungo humwambia kila kiungo kiko wapi na kimekunjwa vipi, hata macho yakiwa yamefumbwa. Sikio la ndani nalo humwambia kama mwili umesimama wima au umeinama. Mashahidi hao wakiafikiana, kadhi hukata hukumu: mkono huu ni wetu. Wala hukumu hii haikatwi mara moja tu maishani. Hukatwa upya kila saa, bila ya sisi kuisikia kesi yenyewe ikisikilizwa.

Je, yawezekana mashahidi wakampotosha kadhi? Mwaka 1998 wataalamu wawili wa Marekani, Matthew Botvinick na Jonathan Cohen, walichapisha katika jarida la Nature jaribio ambalo vyombo vyake ni rahisi mno. Waliwaketisha watu 10 mezani, kila mmoja kwa zamu yake. Mkono wa kushoto wa mtu uliwekwa nyuma ya kiambaza asiuone, na mbele ya macho yake ukawekwa mkono wa mpira ulio sawa na mkono wa mtu. Kisha kwa brashi mbili ndogo za rangi wakawa wanaupangusa mkono wa mpira na ule uliofichwa, kwa wakati mmoja na mahali pamoja. Mtu aliambiwa autazame wa mpira tu.

Baada ya dakika 10 watu wale walieleza kuwa waliuhisi mguso pale walipoiona brashi, yaani juu ya mpira, na wengi wao wakasema walijiona kana kwamba mkono ule ni wao. Walipotakiwa wafumbe macho na kuonyesha kwa kidole, chini ya meza, mahali ulipo mkono wao wa kushoto, walikosea kwa kusogea upande wa mpira. Lakini brashi zikipishana, moja ikatangulia na nyingine ikafuata, kiinimacho hicho hudhoofika. Ushahidi wa jicho na wa ngozi haukuafikiana, basi kadhi akaukataa.

Mwaka 2004 Henrik Ehrsson na wenzake, wakiwa London, waliwapiga watu picha za ubongo wakati wa jaribio kama hilo. Waliona kuwa sehemu moja ya mbele, ambayo hushughulika na kupanga mwendo wa viungo, ilizidi kufanya kazi kadiri mtu alivyouhisi mkono wa mpira kuwa wake. Wengine wameonyesha kuwa kidole cha mpira kikipindwa nyuma kwa nguvu, ngozi ya mtu mwenyewe hutoka jasho la hofu, ilhali anajua fika kuwa ule ni mpira. Hapa pana funzo kubwa. Kujua kwa akili ni jambo moja, na kuhisi kuwa kiungo ni chako ni jambo jingine. Ndiyo maana kumwambia mjomba wangu, "Mguu haupo, usahau," hakukumfaa kitu. Yeye alikuwa akilijua hilo kuliko sisi sote.

SHAHIDI MMOJA ALIYEBAKI

Thamani ya mashahidi hawa huonekana wanapotoweka. Mwaka 1971 kijana mmoja wa Uingereza, Ian Waterman, mwenye umri wa miaka 19, alipatwa na maradhi yaliyoanza kama homa. Yalipopita, neva zilizokuwa zikileta habari za mguso na za mahali vilipo viungo zilikuwa zimeharibika, kuanzia shingoni kwenda chini. Misuli yake haikupooza, lakini alipokuwa amelala hakuweza kujua mikono yake iko wapi, nayo ilijipeleka itakako. Mwili ulikuwapo kitandani na mwenyewe asiuhisi.

Waterman hakukata tamaa. Alijifunza upya kuketi, kusimama na kutembea kwa kutumia shahidi mmoja tu aliyembakia, nalo ni jicho. Kila hatua ilimbidi aitazame na kuifikiria. Taa zikizimika ghafla, huanguka. Daktari Jonathan Cole ameandika kitabu kizima juu ya maisha yake, na kila aisomaye habari hiyo hutambua neema iliyomo katika jambo dogo kama kuteremka ngazi gizani bila ya kuitazama miguu.

MKONO HUU SI WANGU

Kuna msiba mwingine, ambao pengine baadhi ya wasomaji wameushuhudia majumbani mwao. Mtu akipatwa na kiharusi upande wa kulia wa ubongo, upande wake wa kushoto wa mwili hupooza, na baadhi ya wagonjwa huukana kabisa mkono uliopooza. Ukimwuliza, "Mkono huu ni wa nani?" hujibu kuwa ni wa mkewe, au wa daktari, au kuna mtu ameusahau kitandani. Ukimwonyesha kuwa umeungana na bega lake, hakubali, ingawa katika mazungumzo mengine ni mtu timamu wa akili. Daktari Josef Gerstmann aliipa hali hiyo jina lake la kitaalamu mwaka 1942.

Nyumba ngapi zimeyasikia maneno kama hayo zikakimbilia kusema mzee amepandwa na pepo, au amekuwa mkaidi makusudi? Hapa si shahidi aliyepotea, bali mahakama yenyewe imepata ufa. Mwaka 1991 madaktari wa Italia walieleza habari za bibi wa miaka 84 aliyeukana mkono wake wa kushoto. Walipomtia maji baridi katika sikio la kushoto, jambo linaloamsha viungo vya usawa wa mwili vilivyomo sikioni, aliukiri mkono kuwa ni wake. Baada ya muda mfupi akaukana tena. Hiyo si dawa ya kujaribiwa nyumbani, lakini inathibitisha kuwa kauli ya bibi yule haikuwa ukaidi. Ilikuwa hukumu ya ubongo, nayo iliweza kubadilika bila ya mtu kumbishia.

RAMANI ISIYOFUTIKA

Sasa na turudi barazani kwa mjomba. Mpasuaji wa majeshi ya Ufaransa, Ambroise Paré, aliandika katika karne ya 16 kuwa watu aliowakata viungo walilalamika muda mrefu baadaye juu ya maumivu ya kiungo kisichokuwapo. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, daktari Silas Weir Mitchell wa Philadelphia aliwakuta askari wengi wa namna hiyo. Mwaka 1866 alitoa katika jarida la The Atlantic Monthly hadithi ya kubuni, bila ya kutia jina lake, juu ya askari aliyepoteza mikono na miguu yote. Mwaka 1871 akaandika waziwazi, akaviita viungo hivyo kwa jina lenye maana ya mzuka. Jina hilo ndilo madaktari wanalolitumia hata leo.

Lakini si mzuka. Katika miaka ya 1930 daktari Wilder Penfield, huko Montreal, Canada, alikuwa akiwapasua wagonjwa wa kifafa huku wakiwa macho, kwani ubongo wenyewe hauna maumivu. Alipougusa kwa umeme mdogo, mgonjwa alisema, "Nahisi kidole," au, "Nahisi mdomo," ilhali hakuna aliyemgusa hapo. Polepole Penfield akaichora ramani: juu ya ubongo mwili mzima umepangwa, kila kiungo na kiwanja chake. Midomo na vidole vina viwanja vikubwa kwa sababu ya wepesi wao wa kuhisi, na mgongo una kiwanja kidogo.

Je, kiungo kikikatwa, kiwanja chake huwaje? Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kuwa majirani hukivamia. Lakini mwaka 2025 jarida la Nature Neuroscience lilichapisha habari za watu 3 waliopigwa picha za ubongo kabla ya kukatwa mkono na tena baada yake, mmoja wao hadi miaka 5. Walipotakiwa kuvikunja vidole vya mkono usiokuwapo, ramani ya mkono ilionekana karibu vilevile kama ilivyokuwa kabla. Kwa lugha ya mahakama yetu, shahidi amekufa, lakini hati ya kiwanja ingali katika kabati la kadhi, na jina la mwenyewe halijafutwa.

Juu ya chanzo cha maumivu yenyewe wataalamu hawajaafikiana. Wengine huyatafuta katika neva zilizokatwa, ambazo ncha zake katika kigutu huendelea kupeleka habari. Wengine husema ubongo hutoa amri ya kukunjua vidole, na kwa kuwa hakuna jibu linalorudi, amri hukazwa tena na tena. Katika jambo moja wameafikiana: maumivu hayo ni ya kweli, na mwenye kuyasema hasemi uongo.

KIOO CHA FUNDI

Katikati ya miaka ya 1990, daktari V. S. Ramachandran, mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi San Diego, Marekani, alifikiria hila moja. Ikiwa jicho laweza kumpotosha kadhi, kwa nini lisitumike kumtuliza? Alisimamisha kioo mbele ya mtu aliyekatwa mkono, kivuli cha mkono mzima kikaonekana mahali pa ule uliokatwa. Mgonjwa alipoukunjua mkono mzima, jicho lilishuhudia kuwa mikono yote miwili imekunjuka, na baadhi ya wagonjwa wakahisi ngumi iliyowatesa imelegea.

Mwaka 2007 madaktari wa jeshi la Marekani walieleza jinsi walivyowajaribu watu 22 waliokatwa mguu au wayo. Waliofanya mazoezi mbele ya kioo dakika 15 kila siku, kwa wiki nne, wote walisema maumivu yamepungua. Katika makundi mengine, ambayo kioo kilifunikwa au mtu alitakiwa kufikiri tu, ni wachache waliopata nafuu. Watu wale walikuwa wachache, na majaribio ya baadaye hayakukubaliana yote, kwa hiyo asije mtu akakiuza kioo kama hirizi. Hata hivyo ni tiba isiyo na gharama kubwa, nayo yafaa aulizwe daktari.

Mjomba alipokwenda hospitali na kusema siri yake, mtaalamu wa mazoezi ya viungo hakucheka. Alimwuliza kama nyumbani kuna kioo kirefu. Kukosa? Kila fundi wa kanzu anacho, wateja hujitazamia. Basi kila baada ya sala ya alasiri mjomba aliketi chini, kioo akakilaza kwa ubavu kati ya miguu, akautazama mguu wa kushoto na kivuli chake, akavikunja vidole na kuvikunjua, kisha akaupandisha wayo na kuuteremsha kama akanyagaye cherehani. Wiki ya tatu aliniambia kuwa usiku uliopita vidole vilikunjuka, naye akalala hadi adhana ya alfajiri.

Hajapona kabisa. Kidole gumba humwasha mara mojamoja, hasa akishika kazi. Siku hizi huikanyaga cherehani kwa mguu mmoja, na mdundo wake umekuwa mwingine, lakini kanzu ni zilezile. Nilipomweleza maneno ya Ibn Sina, kuwa viungo ni kama nguo, aliutoa uzi mdomoni akacheka.

"Mwanachuoni mkubwa huyo, simpingi," akasema. "Lakini nguo nazijua mimi. Nguo ukiivua, huisikii tena. Yeye hakukatwa mguu."

Msomaji, wagonjwa wa kisukari ni wengi pwani yetu, na waliokatwa viungo tunao katika kila mtaa. Mwenye kisukari na aitazame miguu yake kila siku, na kidonda, hata kiwe kidogo vipi, asikidharau. Na aliyekwisha kukatwa, akikwambia mguu wamwuma, usimcheke wala usimtafutie mganga. Mketie, umwulize wamwumaje, kisha umsindikize kwa daktari. Wazee wetu walisema, adhabu ya kaburi aijua maiti. Mjomba wangu ni mzima wa akili, na kwa miezi mitano aliijua peke yake adhabu ya mguu uliozikwa, kwa kuwa sisi tuliokuwa tukimjulia hali kila jioni hatukuwahi kumwuliza.